Maneno ya Mgiriki wa Gerezani

Fundi,

Shikamoo. Nimeiandika hiyo shikamoo halafu nikakaa nasubiri marahaba, kalamu hewani, mpaka muuza kahawa akapita mlangoni akaniuliza kama naumwa. Siumwi. Nina mashaka tu, na mashaka yenyewe hayana mtu wa kuambiwa hapa Kariakoo isipokuwa wewe, na wewe ndiyo hivyo tena.

Nianze na habari za hapa, maana ungekuwepo ungeniuliza hizo kwanza kabla ya machozi. Fremu yetu ya kuandikia vibao iko wazi kila siku kuanzia saa mbili. Brashi naziosha kwa mafuta ya taa kama ulivyotaka, nazining'iniza kichwa chini. Yule jirani wa vitenge bado anajaza marobota kwenye baraza letu, bado namfokea, na bado anacheka. Wenye mashine za kuchapa mabango ya plastiki wameongezeka mtaani, lakini vinyozi na mama lishe wanaendelea kuja kwetu wakitaka kibao cha mbao kilichoandikwa kwa mkono, chenye maneno ya hekima. Naandika mimi. Herufi S bado inanishinda tumbo la chini. Kila nikiikosea nasikia ule mguno wako, nageuka, naona kiti.

Sasa nikwambie. Tangu uondoke simwamini mtu. Wiki ya kwanza tu ya msiba watu walianza kukusemea. Huyu anasema marehemu alikuwa akimwambia kila siku kwamba usafi ndio mtaji. Wewe na usafi, Fundi! Wewe uliyekuwa unafutia brashi kwenye suruali! Mwingine anasema ulimuusia avumilie ndoa yake, na mimi najua ulimwambia arudi kwao. Kwenye kundi la simu la mtaa kila asubuhi mtu anatuma picha ya mzee mwenye ndevu na maneno mazito chini yake, wenzake wanajibu amina. Nayasoma yote kwa jicho la polisi. Nauliza kimoyomoyo, nani amesema? Lini? Nani alikuwepo?

Lakini hayo ni madogo. Kubwa lilianza kwenye hitima yako ya arobaini. Nilikuwa ndani na akina mama tunapakua pilau, mkeo Mama Rehema amekaa kwenye mkeka, yuko eda. Dua ilipoisha akasimama Idi. Idi huyuhuyu, mdogo wako wa tumbo moja, mwenye duka la spea kule mtaa wa Gerezani. Akasema kuna jambo limemkaa kifuani. Asubuhi ile hospitalini, mimi niliposhuka kuchukua maji ya moto ya uji wako, alibaki na wewe peke yenu. Akasema ulimshika mkono, ukafumbua macho, ukamwambia: "Alichoanza ndugu, akimalize ndugu." Ukanyamaza. Na kweli, niliporudi na chupa ya maji ulikuwa umeshatutoka.

Watu wakalia. Hata mimi, nisikufiche, chozi lilitangulia, mashaka yakafuata nyuma.

Maana ya maneno yale haikuhitaji mkalimani. Fremu uliianzisha wewe, sasa aimalize yeye. Miaka mingapi Idi ameitamani hii fremu aifanye stoo ya bampa na rejeta? Mkataba ulikuwa kwa jina lako, na mwenye nyumba, yule mama wa Kiarabu unayemjua kwa msimamo, alisema palepale kwamba hataki kuingizwa kwenye ugomvi wa familia. Atamwandikia mkataba yule aliyetajwa na marehemu. Akaweka kikao Jumapili, wiki mbili mbele. Kwa hiyo kwa sentensi moja tu, Fundi, Mama Rehema alikuwa anapoteza mahali anapopata riziki yake, na mimi napoteza mahali pekee duniani ninapojua kufanya kitu. Rehema wenu yuko Tanga na watoto wake wadogo, anajikongoja. Asingeweza kumbeba mama yake.

Nikaanza kujiuliza, na nikianza kujiuliza unanijua. Kutoka wodini mpaka getini kwa mama anayeuza maji ya moto, kwenda na kurudi, ni dakika ngapi? Siku mbili zile za mwisho ulikuwa huwezi kulimaliza neno "maji", uliwezaje kutoa maneno yaliyopangika vizuri namna ile? Na Idi alikuwa anangoja nini siku arobaini zote? Siku ya mazishi alikuwa na mdomo. Siku ya tatu alikuwa na mdomo. Mdomo ukaja kupata habari siku ambayo mwenye nyumba kahudhuria! Halafu kulikuwa na jingine lililonikera kuliko hayo. Maneno yale nilikuwa nayajua. Sikuwahi kuyasikia, ila niliwahi kuyaona, tena niliyaona yakiwa na rangi.

Kazi yetu wewe unaijua, lakini acha niiseme, maana ikibaki kichwani mwangu peke yangu nitaanza kuitilia shaka nayo.

Mteja akija anataka maneno ya hekima, ulimuuliza, ya nani? Hakuna hata mmoja aliyejibu "yako". Wote walitaka ya mtu mkubwa, tena aliyekufa zamani, tena wa mbali. Mwanzoni ulikuwa unayatafuta vitabuni. Vitabu vikakuchosha, ukasema vimeandikwa na watu ambao hawajawahi kupanga fremu Kariakoo. Ukaanza kutunga mwenyewe na kugawa. Ya kazi ukampa Mgiriki wa Kale. Ya subira ukampa Mchina wa Kale. Ya nyumba na mapenzi ukampa Mfalme wa Uajemi. Na kila kibao chenye maneno yako mwenyewe ulikiwekea nukta moja nyekundu baada ya jina, ndogo, ukubwa wa kichwa cha kiberiti. Ya kitabuni hayakupata nukta. Tulijua wawili tu. Uliniapisha, mimi Mkatoliki wa Masasi, kwa Mungu ninayemjua mimi, kwamba sitasema. Nikakuuliza, Fundi, huu si uongo? Ukaniambia, "Tekla, mtu hanunui maneno ya mtu anayemwona akila muhogo."

Ulikuwa na sheria zako pia. Manabii huwagusi. Walio hai huwagusi. Na aliyekufa juzi humgusi, kwa sababu ana watu wa kuumia. Hiyo ya tatu nimeikumbuka sana mwaka huu.

Unaikumbuka siku ile ya Mnazi Mmoja? Tulikuwa tunakatiza viwanjani na ngazi begani, kuna mkutano, mzungumzaji jukwaani anatoa sauti nzito: "Kama alivyosema yule Mchina wa kale..." Halafu akatoa maneno yako ya kibao cha saluni ya Mtaa wa Sikukuu, yote, hajaacha hata moja. Umati ukapiga makofi. Wewe ulikuwa na kashata mdomoni, ikakupalia, nikakupiga mgongo mpaka watu wakadhani tunagombana. Nilitaka nipaze sauti niwaambie Mchina mwenyewe ni huyu hapa, kavaa kandambili. Ukanikanyaga mguu. Siku nzima ile ulikuwa unatabasamu peke yako, na jioni ukanunulia chai watu ambao hata huwajui.

Basi. Siku ya nne baada ya hitima nilikuwa napiga msasa kibao cha zamani, mkono ukasimama wenyewe. Nikakumbuka niliyaona wapi.

Ilikuwa mwaka wangu wa kwanza kwako. Kaka yenu mkubwa, Mungu amrehemu, alikuwa na banda la kuziba pancha Gerezani. Alipofariki, Idi akalichukua lile banda akaligeuza duka, akaja kwetu kutaka kibao cha ufunguzi. Ukamuuliza, ya nani? Akacheka: "Ya mtu mkubwa, kaka, siyo yako." Ukacheka naye. Alipoondoka hukucheka tena. Ulikaa mchana kutwa na kipande cha boksi la sigara, unaandika, unafuta, hata ugali ukapoa. Mwisho ukamwandikia mdogo wako yale maneno, "Alichoanza ndugu, akimalize ndugu," na chini yake Mgiriki wa Kale. Na nukta. Mimi ndiye niliyekushikia kopo la rangi nyekundu.

Moyo ulinilipuka! Kumbe nimemkamata. Mtu anaokota maneno ukutani kwake, anamvisha marehemu.

Nikaenda Gerezani. Ningeweza kupanda basi la mwendokasi lakini nilitembea, nipate muda wa kupanga uongo wangu. Nikamwamkia Idi, ninayemwita baba mdogo, akaitikia. Kibao kilikuwa juu kabisa, nyuma ya mikanda ya feni iliyoning'inia, kimejaa vumbi na oili. Nikamwambia nimekuja kukichukua nikipake upya, iwe kama sadaka ya marehemu kwa mdogo wake. Akafurahi. Hakumtuma kijana wake. Alipanda ngazi mwenyewe, akaisogeza mikanda, akakifuta kwa kiwiko bila kukisoma, maana nani anasoma kibao cha dukani kwake mwenyewe, akanikabidhi kwa mikono miwili. "Kaka alikiandika kwa mkono wake hiki," akasema, "angalia usikiharibu." Nikamkazia macho nione kama atatetereka. Hakutetereka. Nikasema moyoni, loo, huyu mtu ana roho ya chuma.

Jumapili ikafika. Sebuleni kwako tulikuwa mwenye nyumba, Idi, wazee wawili wa msikitini na mimi. Mama Rehema alikaa nyuma ya pazia. Idi akayarudia maneno yako, safari hii kwa sauti iliyokwisha kuyazoea. Nikasimama, nikafungua gazeti nililokizungushia, nikakiweka kibao mezani. Mwenye nyumba akavaa miwani akasoma kwa sauti: "Alichoanza ndugu, akimalize ndugu. Mgiriki wa Kale."

Kisha mzee mmoja akasema taratibu, "Sasa Idi, marehemu alikuwa Mgiriki?"

Watu wakacheka, Fundi. Kicheko cha nyumba ya msiba ni kibaya, kinatoka puani. Idi hakucheka. Alikitazama kile kibao kama vile ndiyo kwanza anakiona. Akasema, "Wallahi aliyasema." Akarudia, "Wallahi." Akachukua kofia yake akatoka, na tangu siku ile hajakanyaga huku. Mkataba umeandikwa kwa jina la Mama Rehema. Nilirudi Kariakoo napiga mluzi, najiona mwanamke shujaa.

Sasa sikiliza kilichofuata. Mama Rehema aliniomba akae na kile kibao siku kadhaa. Wiki iliyopita nilipitia soko la Feri nikamnunulia samaki, changu wawili, nikampelekea. Nikamkuta jikoni. Alikuwa ameviweka vibao viwili mezani, ubavu kwa ubavu: hicho cha Gerezani, na kile chake ulichomletea mlipooana, kinachokaa juu ya jiko miaka yote. Kile kisemacho, "Mwanamke anayeimba akipika, mgeni wake hali haraka. Mfalme wa Uajemi." Akaweka kidole kwenye nukta ya kwanza. Akakihamishia kwenye nukta ya pili. Halafu akaniuliza, kwa upole kabisa, "Tekla mwanangu, huyu Mfalme wa Uajemi alijuaje kwamba mimi naimba nikipika?"

Nikamjibu upuuzi. Nikasema labda wake zake nao walikuwa wanaimba. Akanitazama, akanitazama, mwisho akasema samaki wataharibika, tuwaparue.

Nilitoka pale, na njiani ndipo nilipoona nilichokifanya. Nimesimama mbele ya watu wazima, mkeo anasikia, nikawaambia maneno yale si yako. Na ni yako! Dunia nzima hii kuna mtu mmoja tu ambaye angeweza kuyasema bila kuyaiba, na huyo ndiye niliyemnyang'anya. Ushahidi wangu wote ulikuwa ni Mgiriki, na Mgiriki hayupo. Hajawahi kuwepo. Tulimtengeneza wewe na mimi kwa kopo la rangi.

Kwa hiyo Idi anaweza kuwa mwongo aliyeokota maneno ukutani. Anaweza pia kuwa mtu aliyeshikwa mkono na kaka yake anayekufa. Kaka akatafuta la kusema, ulimi mzito, akayapata yaleyale aliyomtungia zamani kwa mapenzi, ambayo mdogo mtu hakujua hata ni ya nani. Usinambie haiwezekani. Babu yangu Masasi mwishoni hakulijua tena jina langu, lakini Baba Yetu aliisali mpaka mwisho bila kukwama. Na mwongo gani, Fundi, mwongo gani angepanda ngazi mwenyewe anikabidhi kibao cha kumuumbua? Hilo swali linanila. Wiki nzima nimekuwa nikilitafutia jibu baya na silipati.

Na hata kama uliyasema, ulimaanisha fremu? Au ulikuwa unamuaga tu? Zile siku arobaini za kunyamaza nilizozishupalia, huenda alikuwa anapanga, huenda alikuwa analia. Sijui. Namshuku yeye, nakushuku na wewe, na ninayemshuku kuliko wote ni yule mwanamke aliyetembea mpaka Gerezani akipanga uongo njiani.

Wewe pia nina ugomvi na wewe, nisipousema nitapasuka. Ungeandika jina lako mara moja. Mara moja tu! Uliwagawia wafu maneno yako yote, na siku ulipoyahitaji mwenyewe, ukawa huna la kwako. Watu wakakucheka, na aliyewachekesha ni mimi. Nisamehe. Nimelia sana kwa hilo kuliko nilivyolia siku ya mazishi.

Leo asubuhi nimekichukua kibao kwa Mama Rehema nikaja nacho fremu. Nimemkwangua Mgiriki. Hakutoka kirahisi, rangi yako uliipiga mara mbili, nimemaliza vipande vitatu vya msasa. Nukta nimeiacha. Mahali pake nimeandika, kwa herufi zako zile za mgongo ulionyooka: Fundi Athumani, Kariakoo. Ashukuriwe Mungu, halina S hata moja.

Sasa ahadi yangu. Ijumaa nitamweleza Mama Rehema yote, ya Mgiriki na ya Mfalme, na kiapo changu kwako nitakuwa nimekivunja. Utanidai tukionana. Fremu ni yake, kwa hiyo nitamuomba ruhusa kwanza. Akinipa, nitaenda Gerezani, nitamwamkia baba mdogo, nitamrudishia kibao chake kwa mikono miwili kama alivyonipa, nimwambie maneno haya ni ya nani na yaliandikwa kwa ajili ya nani. Akitaka kukipeleka kwa mwenye nyumba, akipeleke. Tukitolewa, nitabeba ngazi na kopo la brashi, tutafute baraza lingine. Ruhusa nadhani nitaipata. Nilipofika kwake leo asubuhi, kabla sijabisha hodi, nilimsikia jikoni anaimba, kwa sauti ya chini sana, kwa mara ya kwanza tangu ufe.

Lala salama, Fundi wangu. Ningekimbia nacho Gerezani leo hii kabla moyo haujageuka, lakini rangi bado mbichi, na wewe ulinikataza kutoa kibao dukani kabla hakijakauka.

Mwanafunzi wako,
Tekla